Barua Yenye Jina Moja

Mkaguzi wa shule wa wilaya alikuja kijijini kwetu siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu, mwezi wa kwanza, akaingia nyumbani kwa Lola Titay kula kama wanavyoingia watu wote. Siku ile hakuna mlango unaofungwa, wala mtu haulizwi amealikwa na nani. Alikula mbaazi zilizopikwa kwa fenesi bichi na nyama ya nguruwe, akaomba nyongeza, kisha akatoka uani kutafuta maji ya kunawa. Huko akamkuta mwalimu mkuu wetu, Teodosia, amechuchumaa mbele ya sufuria kubwa kuliko yeye, masizi yamempanda hadi viwikoni.

"Mwalimu Mkuu?"

"Karibu, bwana mkaguzi. Usisogee sana, utachafuka shati."

"Mbona unaosha wewe? Hapa hapana watumishi?"

"Wapo. Mmoja ndiye mimi. Wa pili yule pale, anamenya vitunguu."

Wa pili nilikuwa mimi. Mkaguzi aliniangalia, akamwangalia tena Osiang, maana sisi tuliokua naye tunamwita hivyo, akacheka sana akidhani ni utani wa sikukuu.

Haukuwa utani. Kila mwaka siku ile, tangu amalize chuo cha ualimu, Osiang alikuja alfajiri, akavua viatu vya ofisini, akaosha vyombo vya wageni hadi jua linapozama, halafu akala ukoko wa wali pamoja nami jikoni. Alipofanywa mwalimu mkuu watu walisema, haya, sasa ataacha. Hakuacha. Lola Titay naye hakumwambia aache. Alikuwa akipita nyuma yetu na fimbo yake, anachungulia ndani ya sufuria, anasema, "Pale pembeni bado, we Osiang. Au serikali imekufundisha kuosha katikati tu?"

"Napaona, Lola."

"Ungepaona ungepaosha."

Lola ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi wa kijiji kizima.

Osiang na mimi tuliingia nyumba ile mwaka mmoja, tukiwa na miaka kumi na miwili, tumemaliza darasa la sita. Wakati huo Lola alikuwa na tanuri la mikate, tanuri la pekee kati ya mto na bahari. Tulikanda unga kabla ya jogoo. Tulisugua sakafu za mbao kwa kumbi la nazi, mguu mmoja juu ya kumbi na mwingine unasukuma, mpaka mbao zikang'aa ukaweza kuona meno yako. Kwetu mtoto wa maskini husoma hivyo: anakaa kwenye nyumba ya mwenye uwezo, anafanya kazi, na mwenye nyumba anamsomesha. Ila tanuri la Lola lilikuwa na nguvu ya kusomesha mmoja tu. Lola ndiye aliyenisimamia mimi ubatizo, na mama yangu alikuwa ametangaza njia nzima kwamba nitasomeshwa. Akasomeshwa Osiang. Mimi nilikuwa bado nasoma kwa kufuatisha kidole, na yeye alikuwa amemaliza magazeti yote tuliyofungia mikate. Mama yangu alinuna miaka miwili. Mimi nilibaki na jiko, na Mungu hajaniacha hata siku moja.

Kwa hiyo mwaka ule wa mkaguzi, Osiang alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji, vyumba sita na mlingoti wa bendera. Tanuri la Lola lilikuwa limepoa siku nyingi, kwa sababu mikate ya kiwandani ilikuja kwa lori, myeupe, laini, isiyo na ladha, na watu wakaipenda. Lola mwenyewe alikuwa na miaka themanini, nyumba kubwa inayovuja, mimi, na kitukuu chake Neneng. Mama yake Neneng alifariki akimzaa. Baba yake ni baharia; barua zake zilikuja kutoka kila bandari ya dunia, kisha zikaacha kuja.

Neneng alikuwa darasa la sita. Mtoto mzuri, mwenye sauti ya kuimba kanisani na mwandiko wa kupendeza, na mwenye usingizi. Ungeweza kumwamsha, akakujibu, akakuamkia vizuri, na bado amelala. Darasani alikuwa wa tano, mwaka mwingine wa sita.

Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Masista wa mjini Iloilo walikuwa na shule ya sekondari ya wasichana, na kila mwaka walitoa nafasi moja kwa shule yetu: ada, kitanda, chakula, vitabu, mpaka mtoto amalize. Hawakutaka mtihani. Walitaka barua ya mwalimu mkuu, yenye jina moja, ifike kabla ya Pasaka. Walimwamini.

Jioni ile ya sikukuu, wageni walipopungua, Lola alikuja jikoni, akavuta kigoda, akaketi karibu na Osiang. Hakukemea sufuria. Mimi nikajua kuna kitu.

"Osiang."

"Lola."

"Mimi nimewahi kukuomba kitu?"

"Hapana, Lola."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi leo nakuomba. Nafasi ya masista, mpe Neneng. Mimi sina tanuri tena. Nikifa kesho, huyu mtoto ana nani? Ana Pasing na paka." Pasing ndiye mimi. "Nakuomba hicho tu, halafu nitakufa vizuri."

Osiang alikuwa ameinama. Mkono wake ulisimama ndani ya sufuria kidogo, kisha ukaendelea kusugua. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Sisi watu wa kisiwa hiki cha Panay hatuna ulimi wa kumwambia mkubwa hapana mbele ya uso wake. Hata tukigombana utadhani tunabembelezana. Akasugua sufuria ile mpaka ikawa safi kuliko ilivyonunuliwa. Lola akamgusa kichwani, akaondoka ameridhika.

"Osiang," nikamwambia, "amechukulia kwamba umekubali."

"Najua."

"Mfuate basi."

"Nitamwambia. Leo ni sikukuu, Pasing. Nitamwambia wiki hii."

Hakumwambia wiki ile wala iliyofuata. Hilo ndilo kosa lake, na mimi nampenda lakini nalisema. Kwa sababu Lola hakukaa na furaha yake kimya. Alitoa shuka lake la harusi, akalipeleka kwa fundi, likashonwa blauzi mbili nyeupe zenye kola ya baharia kama wanavyovaa wasichana wa masista. Sketi ya buluu ya marinda aliishona mwenyewe kwa mkono, miwani puani, na kila aliyepita dirishani aliitwa aje aione. Neneng alivalishwa akazungushwa sebuleni. Mwezi wa pili haujaisha, kijiji kizima kikajua nafasi imepata mwenyewe.

Akajua na Berto mgema.

Berto aligema minazi ya ng'ambo ya mto, na binti yake Jovelin alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la kwanza, kila mwaka, bila kukosa. Mtoto mdogo, mweusi kwa jua, mkimya. Alivuka mto asubuhi na madaftari kichwani, na alikuwa na tabia ya kumsahihisha mwalimu kwa adabu sana: "Samahani, Mwalimu, labda nimeona vibaya mimi." Hajaona vibaya hata siku moja.

Berto alikuja shuleni mchana, kofia mkononi, na mwanzi wa tembo tamu la asubuhi begani. Mimi nilikuwa pale napeleka uji wa watoto wadogo, ndiyo maana nilisikia.

"Mwalimu, nimeleta tembo. Halijachacha bado."

"Umelitia maji, Berto?"

"Aa, Mwalimu! Kwako nitathubutu?" Wakacheka wote wawili. Kisha Berto akaiangalia kofia yake. "Sikuja kulalamika, Mwalimu. Nyumba ile ilikulea, na sisi wote tunajua kushukuru. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Jovelin nimwambie nini? Maana bado anasoma. Nikimwambia pumzika anasema bado kidogo, nafasi ni moja. Je, nimwache hivyo hivyo, au nimwambie aache kujisumbua?"

Osiang alizipanga chaki moja moja kwenye kisanduku. Mwisho akasema, "Mwache asome, Berto."

"Asome kwa ajili ya nafasi, au asome tu?"

Berto akaweka mwanzi chini taratibu, akainama, akavuka mto kurudi.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima tulitoka kanisani pamoja. Osiang hakupanda trisikeli, ile pikipiki yenye kibanda cha abiria, kurudi mji mdogo anakokaa na mumewe; alinifuata mpaka jikoni. Alikaa akaanza kukuna nazi ambayo sikumwomba.

"Nimesali novena ya siku tisa mara mbili," akasema. "Sisikii kitu."

"Labda umekwisha kujibiwa, hukupenda jibu."

"Usinichokoze, Pasing."

"Sikuchokozi."

Akakuna. "Kila nilicho nacho kimetoka nyumba hii. Viatu vyangu vya kwanza. Mswaki wangu wa kwanza. Nilipofeli hesabu mwaka wa pili na nikataka kuacha, nani alinipiga na ubao wa kukatia unga akanirudisha shule? Huyu bibi akiniomba jicho nitampa. Lakini analoomba si jicho langu. Anaomba jicho la Jovelin." Akaiweka nazi chini. "Hebu niambie wewe. Wewe ndiye unayejua upande wa pili. Ulipokosa nafasi ukanichukia?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu tulikuwa ndani ya Kwaresima na sikutaka kudanganya.

"Wiki moja hivi," nikasema. "Ulipovaa vile viatu."

"Wiki moja tu?"

"Siku kumi. Halafu ukaja ukanifundisha kusoma misale, kitabu cha Misa, kila usiku mpaka nikaacha kidole. Na watoto wangu watatu wamesoma kwako. Osiang, kama Lola angenichagua mimi kwa sababu ya ubatizo, leo ungekuwa mpishi mbaya, na mimi mwalimu mbaya, na kijiji hiki kingekuwa na wajinga wawili badala ya mmoja."

Alicheka huku analia, pua nyekundu. Nikamwambia anawe uso asije Lola akadhani tumekata vitunguu siku ya mfungo bila yeye kujua.

Jumatatu aliandika barua kwa masista. Aliandika jina la Jovelin. Hakuituma kwanza. Alikuja na nakala yake ndani ya bahasha, akapanda ngazi za mbele. Ngazi za mbele! Miaka yote alipita uani. Lola alikuwa dirishani anatia kifungo kwenye sketi.

Osiang akainama auchukue mkono wa Lola, auguse kwenye paji lake la uso, kama tunavyowaamkia wakubwa. Alishika mkono ule akiwa bado ameinama, akasema hapo hapo, pengine alijua akinyanyuka hataweza: "Lola, nimeandika jina la mtoto wa Berto. Nilitakiwa nikwambie siku ile ile nikanyamaza, nikakuacha ushone. Kosa la kunyamaza ni langu, nisamehe. Lakini jina sitalibadilisha."

Lola alitazama kichwa kile kilichoinama. Kisha akauvuta mkono wake, polepole, akauficha chini ya shali.

"Pasing," akaita. Mimi nilikuwa mlangoni. "Mwambie Mwalimu Mkuu ngazi za mbele zina ubao mbovu. Asianguke akishuka."

Ndivyo kununa kulivyoanza. Na Lola Titay akinuna alinuna kwa ufundi, kama alivyofanya kila kitu. Hakutukana. Hakumsema vibaya kwa watu. Alikoma tu kumwona. Osiang alikuja kila Jumapili baada ya Misa, akakaa sebuleni, na Lola akazungumza na mimi, akazungumza na paka.

"Pasing, naona leo kuna upepo. Au kuna mtu mlangoni?"

"Ni Osiang, Lola. Amekuletea wali wa kunata wa kwenye makuti."

"Mwambie ahsante, meno yangu hayawezi."

Jana yake alikuwa ametafuna ngozi ya nguruwe.

"Lola," anasema Osiang mwenyewe, yuko hatua mbili, "nitakuletea kitu laini."

"Pasing, paka anasema nini?"

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ukikosa vyote utaweka ndizi mbili au ndimu. Lola aliamuru nirudishe sahani za Osiang zikiwa zimeoshwa, zimekauka, hazina kitu. Mara ya kwanza nilibeba sahani ile njia nzima mpaka shuleni nimeifunika kwa kitambaa ili watu wasione utupu wake. Osiang aliipokea, akaangalia, akasema, "Amepika nini leo?" Nikamwambia dagaa na majani ya mlonge. "Anakula?" Anakula. "Basi," akasema, na Jumapili iliyofuata akaijaza tena.

Wakati huo wote Neneng hakuulizwa na mtu. Siku moja nilimkuta ameikunja sketi ya buluu vizuri, ameiweka chini kabisa ya sanduku.

"Unasikitika, Inday?" nikamwuliza. Ndivyo tunavyowaita watoto wa kike tunapowapenda, nao hutuita Manang, yaani dada mkubwa.

"Kidogo. Ila, Manang Pasing, nani angenisaidia hesabu kule? Hapa ananisaidia Jovelin." Akafikiri. "Sasa hata hapa hatakuwepo."

Nilimpelekea Osiang maneno hayo kama yalivyo. Aliyasikiliza amesimama, kitambaa cha ubao mkononi.

Siku ya mahafali, mwishoni mwa mwezi wa tatu, kina mama hupanda jukwaani kuwabandika watoto wao nishani. Mama yake Jovelin alipanda na viatu vya kuazima, akamchoma mtoto na pini, na mtoto hakulia. Osiang alitoa hotuba fupi. Mkaguzi alikuwepo, akatarajia maneno ya serikali. Osiang akawaambia watoto: "Kuna mtu alinisomesha mimi. Hakuwa na wajibu wowote. Kila nikifungua mlango wa shule hii asubuhi namshukuru, na bado sijui kumshukuru inavyotakiwa. Nilidhani ni kuosha vyombo vyake. Sasa nadhani ni kufanya alichokifanya yeye. Ninyi mtakuja kujua zaidi yangu." Akakaa. Lola hakuwepo kusikia. Alikuwa nyumbani, anaumwa goti ambalo halikuuma jana yake wala kesho yake.

Baada ya Pasaka Osiang alikuja siku isiyo Jumapili. Alikaa chini sakafuni, miguu imekunjwa, kama tulivyokaa tulipokuwa wasichana.

"Lola, siongei na paka leo, naongea na wewe. Naomba Neneng aje kwangu mjini. Sekondari ya serikali iko hatua mia tatu kutoka nyumba yangu. Mimi na mume wangu tutamsomesha. Nguo, chakula, vyote, mpaka amalize, na akitaka chuo tutaona. Hesabu nitamfundisha mimi kila jioni."

Hapo Lola alisahau kwamba amenuna.

"Aje kwako? Akae kwako?"

"Ndiyo."

"Kitukuu cha Restituta, kitukuu changu mimi, akafagie nyumba ya Osiang? Akaoshe vyombo vyako? Watu watasema nini? Watasema yule bibi ameishiwa mpaka anapeleka damu yake ikatumike kwa mtumishi wake mwenyewe!"

Hata paka alitoka. Nilitamani ardhi ifunguke, nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo.

Osiang hakukasirika. Nilimwona machozi yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya darasani anapomwuliza mtoto swali ambalo jibu lake mtoto analijua.

"Lola, kama ni aibu, kwa nini ulinifanyia mimi?"

Lola akatafuta fimbo yake. Ilikuwa mkononi.

"Mimi sikuona aibu," Osiang akaendelea. "Hata siku moja. Nilifagia nyumba hii nikijiona nimeokolewa. Ulinidanganya?"

Lola alisimama, akavuta dirisha lenye magamba ya chaza badala ya kioo likafungwa, ingawa ilikuwa mchana na joto la mwezi wa nne, akaenda chumbani. Osiang akakaa gizani kidogo, kisha akashuka kwa uani.

Mwezi wa tano wote Lola alikuwa mtu mwingine. Hakuzungumza na paka. Siku moja aliniuliza ghafla, tukichambua mchele, "Pasing, mimi niliwahi kuwafanya mjione wadogo?"

Nikasema, "Lola, ulitupiga, ulitufokea, ulitunyima mikate ya moto. Lakini ulikula meza moja na sisi."

Akaendelea kuchambua. "Mikate ya moto inaumiza tumbo," akasema.

"Ndiyo, Lola."

"Haikuwa uchoyo."

"Hapana, Lola."

Jumapili moja kabla ya shule kufunguliwa, mvua ya kwanza ya mwezi wa sita ikinyesha, Lola aliagiza trisikeli. Alivaa gauni lake la mazishi na sikukuu. Alimpakia Neneng, sanduku, mto, ndoo, mwavuli, na mimi nikakaa nyuma ya dereva nimekumbatia ndoo. Kilomita tisa, hakusema neno, isipokuwa alimwambia dereva apunguze mwendo kwenye daraja.

Osiang alikuwa anaanua nguo. Alituona akasimama na shati la mumewe mkononi, mvua inamnyeshea.

"Usisimame kama mlingoti," Lola akamwambia. "Mtoto analowa."

Tukaingia. Lola akakataa kiti kizuri, akakaa kwenye kigumu. Akamtuma Neneng akatundike mwavuli, kisha akaanza bila salamu, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Hali tango chungu. Usimlazimishe, atalificha chini ya wali. Anaogopa mijusi, hasa yule mkubwa anayepiga kelele ukutani. Anaamshwa mara tatu. Ya kwanza na ya pili hazihesabiki. Akiwa na homa anataka maji ya tangawizi na asipewe sukari nyingi. Rozari anasali nusu analala. Mwache, Mama Maria anajua. Unaandika?"

Osiang alikuwa amechukua karatasi ya kwanza aliyoiona, nyuma ya andalio la somo, na alikuwa anaandika kweli.

"Mijusi," akasema. "Nimeandika."

"Na asikae bure. Kama umesema utamfanya malkia, namrudisha sasa hivi. Afagie, apike, afue zake. Wewe ulifanya."

"Atafanya, Lola. Tutafanya wote."

"Na akikosea?"

"Nitamsemesha."

"Kumsemesha! Mimi nilikuchapa."

"Mara moja, Lola. Na ubao wa unga."

"Mara mbili. Ya pili umesahau kwa sababu ilikuwa halali yako."

Mume wa Osiang, mtu mkimya, fundi wa redio, alitoka jikoni na mchuzi wa samaki. Lola alionja kijiko kimoja kidogo, akatulia, akasema chumvi haitoshi, akala bakuli zima. Mvua haikuacha. Dereva wa trisikeli alipiga honi mara mbili, Lola akatoka barazani, akamwambia aende, arudi kesho.

"Lola, unalala hapa?" nikamwuliza. Hajalala nje ya nyumba yake tangu vita.

"Nataka nione kama mtoto atalala. Nyumba ngeni."

Mtoto alilala kabla hajamaliza kuuliza atalala wapi. Lola ndiye hakulala. Nilimsikia anageuka kwenye mkeka, na Osiang upande wa pili wa pazia anageuka, mpaka Lola akasema, "We Osiang, siku ile uliniuliza kama nilikudanganya."

"Lala, Lola."

"Sikukudanganya. Nilisahau tu. Mtu akizeeka anaanza kuona mikono yake ndiyo ya kutoa peke yake."

Nilimsikia Osiang anapenga kamasi.

Asubuhi tulimwamsha Neneng mara tatu, kwa zamu. Alivaa sketi ya buluu ile ile, kwa kuwa sekondari ya serikali nayo ni buluu, Mungu ana njia zake, tulikata kola ya blauzi tu. Osiang alitakiwa awe kijijini kufungua shule yake saa moja, lakini alimpigia mwalimu wake wa zamu simu kwa jirani, akasema atachelewa, kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu. Wakamsindikiza mtoto, mmoja kila upande, hatua mia tatu, Lola na fimbo yake na Osiang na mwavuli, mimi nyuma na chakula cha mchana kwenye jani la mgomba.

Getini Neneng alinong'ona, "Lola. Mwalimu. Rudini sasa, watu wanatuangalia."

"Watuangalie," Lola akasema. "Nywele zake zimekaa vizuri huku nyuma, Osiang?"

"Zimekaa vizuri."

"Hebu mwinamishe nione."

Osiang akamwinamisha mtoto kichwa, Lola akatema mate kidogo kwenye kidole, akalaza unywele mmoja uliosimama, na kengele ikalia. Neneng akakimbia. Wale wawili walisimama pale getini, na mlinzi akawauliza mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa sauti kama kuna mtu wanamsubiri.

"Ndiyo," Lola akamwambia, "tunamsubiri mtoto wetu."

"Anatoka saa kumi, bibi."

"Tumesikia," akasema, na hakuondoka mpaka jua lilipoanza kuchoma.